Kichwa Bila Mshono: Vazi la Ngoma la Wamangbetu na Maumbo Yake Madogo, 1870–1945

1.0 Utangulizi

Niania, katika eneo la utawala la Mambasa, jimbo la Ituri, ni njia panda. Barabara itokayo Kisangani hupita hapo kuelekea Mambasa, Komanda na Bunia. Nyingine hukatia kaskazini, Wamba hadi Isiro, katika nchi ya Wabudu na Wamangbetu. Si mbali na Niania, kando ya mto Ituri, iko Avakubi, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa kituo mashuhuri cha serikali na cha wasafiri. Kiswahili kilikwisha kufika bonde hili kabla ya hapo pamoja na Waungwana. Mwaka 1887 Stanley alikuta kwenye mto huo kambi ya Ugarrowwa, mfanyabiashara wa pembe aliyetoka Unguja. Pamoja na lugha, Waungwana walileta merikani na kaniki, na namna mpya ya kuliangalia vazi.

Makala haya yanahusu vazi jingine, lililokuwapo kaskazini ya njia panda hiyo kabla ya merikani: vazi walilovaa Wamangbetu katika ngoma za ikulu. Ukumbi wa mfalme ulikuwa jukwaa kwa maana kamili ya neno. Palikuwa na mchezaji, wapiga ngoma, watazamaji waliopangwa kwa daraja, na vazi lisilovaliwa shambani. Vazi hilo lilipata sifa duniani. Lakini wengi walioisikia sifa hiyo hawakupata kuuona ukumbi wala mchezaji. Walichokiona ni umbo dogo, kama vile kichwa kilichochongwa kwenye shingo ya kinubi, mtungi wenye uso, au sanamu ya shaba juu ya motokaa. Kwa lugha ya watoto, dunia ilicheza na mwanasesere wa vazi hilo.

Hoja yetu ni moja. Kila mwenye kutengeneza umbo dogo la vazi kubwa analazimika kuchagua nini kibaki na nini kiachwe. Katika habari ya Wamangbetu, kilichobaki ni kichwa na kilichoachwa ni mshono. Kwa kuwa kuchonga ilikuwa kazi ya wanaume na mshono ulikuwa kazi ya wanawake, uchaguzi huo haukuwa wa sanaa tu. Uliamua pia kazi ya nani itakumbukwa.

2.0 Neno 'bandia' na kazi ya umbo dogo

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, inafaa tutulie kidogo kwenye msamiati. Kiswahili kina 'mwanasesere', na kina neno jingine ambalo siku hizi tumelisahau kwa maana hiyo: 'bandia'. Kamusi za zamani zinaeleza kuwa bandia ni mtoto wa matambara achezewaye na watoto. Leo tukisema 'dawa bandia' au 'noti bandia' tunataja udanganyifu. Maana hizo mbili hazikukaa pamoja kwa bahati tu. Mwanasesere ni mtoto asiye mtoto, na anayemchezea analijua hilo. Udanganyifu huanza pale ambapo mtazamaji anaambiwa kuwa umbo dogo ndilo kitu chenyewe.

Aidha, umbo dogo si lazima liwe mchezo. Miongoni mwa Wazaramo wa pwani ya Tanzania kuna mwana hiti, kijisanamu cha mti ambacho mwali hukabidhiwa anapotawishwa. Hukitunza, hukipaka mafuta na hukipamba kwa shanga. Mwana hiti hana mikono, na kiwiliwili chake ni kama gogo dogo. Ufundi wa mchongaji umewekwa kichwani, katika mtindo wa nywele. Hapa pia pamefanyika uchaguzi, lakini umefanywa na jamii inayokitumia kijisanamu hicho, na yale yaliyoachwa mtini hukamilishwa na mwali mwenyewe kwa mafuta na shanga. Tofauti hii tuiweke akilini, maana katika habari ya Wamangbetu aliyechagua na aliyekamilisha hawakuwa watu wa jamii moja.

3.0 Ukumbi wa Mbunza, 1870

Mwaka 1870 Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea kutoka Ulaya, aliingia katika ikulu ya mfalme Mbunza. Kitabu chake, kilichotoka miaka ya 1873 na 1874, ndicho kilichoanzisha sifa ya Wamangbetu ughaibuni. Mbunza mwenyewe hakuishi kuisikia sifa hiyo, kwani aliuawa mwaka 1873.

Schweinfurth aliyaeleza mavazi mawili ya mfalme. La kwanza ni la baraza: nguo pana ya gome la mti alioutaja kwa jina la rokko, yaani aina ya mkuyu, pamoja na mapambo mengi ya shaba na kofia ndefu yenye manyoya mekundu ya kasuku. La pili ni la ngoma. Mbunza alicheza mbele ya wake zake, waliokaa juu ya vigoda wakipiga makofi, akiwa amevaa kichwani ngozi nzima ya nyani mkubwa mweusi yenye kishada cha manyoya ya ndege juu yake. Mikia ya kanu ilining'inia mikononi, kiunoni palikuwa na shada nene la mikia ya wanyama, na miguuni pete zililia kila alipokanyaga. Msomaji ataona kuwa karibu kila kipande cha vazi hili kimewekwa ili kitikisike au kitoe sauti. Ni vazi lililoshonwa kwa ajili ya mwendo.

Kuhusu wanawake, Schweinfurth alisema kuwa walivaa kipande kidogo tu cha gome au cha jani la mgomba, wakajipamba mwili mzima kwa michoro iliyopakwa kwa maji ya tunda la mti wa jamii ya gardenia. Alitaja michoro ya nyota, misalaba, nyuki na maua. Mgeni aliyezoea kuhesabu vazi kwa wingi wa kitambaa angeweza kuona hapo upungufu. Lakini michoro hiyo ilikuwa vazi lililobuniwa upya kila ilipofutika, na kila mwanamke alitafuta lake. Ushindani huu wa kubuni ndio tutakaoukuta tena, miaka 40 baadaye, katika jani na uzi.

4.0 Njia ya Avakubi: Lang, Chapin na negbe

Kati ya mwaka 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walisafiri kaskazini-mashariki ya Kongo kwa niaba ya Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani yaliyoko New York. Walipita Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, wakafika Avakubi, kisha wakaelekea kaskazini hadi Medje na Niangara. Kwa hiyo sehemu ya historia tunayoisimulia ilipita kwa miguu karibu na hapo ilipo Niania.

Walikwenda kutafuta wanyama na ndege, lakini walirudi pia na takriban vitu 4,000 vya mikono ya watu, na Lang alipiga picha karibu 10,000. Miongoni mwa picha hizo zimo zile za mwaka 1910 za mtawala Okondo akicheza ngoma, na za wake zake ukumbini. Humo ndimo tunamoiona vizuri negbe.

Negbe ni pambo la nyuma. Huwa na umbo la yai lililolala, nalo hufungwa kwenye ukanda wa kiunoni likaufunika upande wa makalio. Fundi huanza na tabaka za majani ya mgomba yaliyokaushwa, ambazo huwa ndizo msingi. Kisha hukata vipande vya jani lenye rangi nyingine, mara nyingi jeusi, katika maumbo ya pembe, mistari na duara, akavipanga juu ya msingi na kuvishona kwa nyuzi za mimea. Weusi na rangi ya kahawia vinapokaa pamoja, macho huona mchoro uleule uliokuwa ukipakwa mwilini, ila sasa umehamia kwenye jani. Wanawake walijitengenezea negbe wenyewe, na walizivaa hasa siku za ngoma na za hadhara. Mwanamke aliyecheza alijulikana kwa negbe yake hata akiwa amewapa watazamaji mgongo.

Hii ndiyo kazi ya mshono iliyo wazi kuliko zote katika vazi hilo. Hakuna kilichosukwa wala kuchongwa. Kuna kukata, kupanga na kushona, kama afanyavyo fundi yeyote wa nguo.

Avakubi yenyewe ilitoa mfano wa namna wageni walivyoliangalia vazi. Mwaka 1913 Chapin alipata huko kofia iliyopambwa kwa manyoya, na katika manyoya hayo mlikuwa na moja asilolitambua. Alilihifadhi. Mwaka 1936, akiwa katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa wenye manyoya ya namna ileile, waliodhaniwa kuwa tausi wa kawaida. Mwaka huohuo aliutangazia ulimwengu wa sayansi tausi wa Kongo, Afropavo congensis. Ugunduzi huo ni mkubwa, na ni haki usifiwe. Lakini yafaa tukumbuke kuwa ulianza na kofia, na kwamba mtu aliyelichagua nyoya hilo, akalipanga na kulifunga kofiani, alimjua ndege huyo kabla ya sayansi. Nyoya lilipewa jina. Mtengenezaji wa kofia hakuandikwa popote.

5.0 Kichwa chasafiri peke yake

Enid Schildkrout na Curtis Keim, katika kazi yao ya mwaka 1990 iliyoambatana na maonyesho ya New York, walitoa hoja ambayo mwanafunzi wa sanaa za Kongo hawezi kuikwepa. Walionyesha kuwa sanaa ya vichwa na nyuso tunayoiita ya Kimangbetu ilistawi hasa katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne ya 20, na kwamba hamu ya wageni waliokuwa wakikusanya vitu ilichangia kuistawisha. Vinubi, visu, mitungi na masanduku ya magome vilikuwapo. Mgeni alipoonyesha kuwa anapenda zaidi kilicho na kichwa, mafundi walizidisha vichwa, tena vyenye fuvu refu na nywele zilizotandazwa juu kama taji.

Tusiwalaumu mafundi hao. Kuboresha kazi kwa kumfuata mnunuzi ni ada ya ufundi popote. Wala kichwa hakikuwa uongo. Watoto wa tabaka la juu walifungwa kamba kichwani tangu uchanga ili fuvu lirefuke, na mtindo wa nywele ulikuwa kazi ya saa nyingi. Ila kichwa kilikuwa sehemu ya vazi, si vazi zima. Kinubi kina shingo, na shingo inafaa kubeba kichwa. Hakina mahali pa kuweka negbe. Hata sanamu yenye kiwiliwili kamili huwekwa kabatini ikimtazama mgeni usoni, na mgongo wake huelekea ukuta.

Safari ya kichwa iliendelea. Mwishoni mwa Oktoba 1924 msafara wa motokaa za Citroën uliondoka Aljeria kuvuka Afrika hadi Madagaska, ambako ulifika mwaka 1925. Ulipopita nchi ya Wamangbetu, mchoraji Alexandre Iacovleff alimchora Nobosudru, mke wa mtawala Ekibondo, na wapiga picha walimpiga akiwa ubavu, fuvu na taji la nywele vikionekana kwa mstari mmoja. Filamu ya msafara huo iliyotengenezwa na Léon Poirier ilionyeshwa Paris mwaka 1926. Mchongaji François Bazin akautia mstari huo katika kijisanamu cha shaba cha kukaa mbele ya motokaa. Kutoka ukumbi wa Mbunza, ambamo vazi lilitikisika na kulia, tumefika kwenye kichwa kimoja kisichotikisika, kidogo kiasi cha kushikika kwa mkono mmoja. Huko Ulaya wengi walikichukua kuwa ndicho Wamangbetu.

Hapo ndipo maana ya kwanza ya 'bandia' ilipogeuka kuwa ya pili.

6.0 Funzo la mshono mdogo

Je, umbo dogo lazima lipoteze mshono? Mfano kutoka Ulaya kwenyewe unaonyesha kuwa sivyo. Mwezi Machi 1945, vita ikiwa haijakwisha na vitambaa vikiwa haba, washonaji wakubwa wa Paris waliandaa maonyesho ya wanasesere wa waya wenye kimo cha takriban sentimeta 70, wakiwa wamevishwa nguo kamili na kupangwa katika majukwaa madogo yaliyobuniwa na wasanii kama Christian Bérard na Jean Cocteau. Vifungo vilifunguka, na bitana ilishonwa ndani hata pasipoonekana. Mwili ulikuwa waya mtupu. Vichwa vya plasta, vilivyobuniwa na mchongaji Joan Rebull, viliachwa bila kupakwa rangi usoni. Walichagua kinyume cha vichwa vya Uele: uso ulinyamazishwa, mshono ukapewa nafasi ya kusema.

Kwa mantiki hiyo, mtu anayetaka leo kushona mwanasesere wa vazi la ngoma la Wamangbetu ana njia mbele yake, na kila tatizo atakalokutana nalo litamfundisha historia. Tuchukue mwanasesere wa kitambaa mwenye kimo cha sentimeta 30, yaani karibu moja ya tano ya mtu wa wastani.

Tatizo la kwanza ni unene. Kimo kimepungua, lakini jani la mgomba halikupungua unene. Negbe ya sentimeta 7 ikishonwa kwa tabaka za jani zima itakuwa ngumu kama kigae, nayo itasimama mbali na mwili. Fundi hana budi kuchambua ganda la mgomba apate utando mwembamba, na kupunguza tabaka. Akifanya hivyo ataelewa kwa nini negbe kubwa ilikuwa na tabaka hizo: ilitakiwa iwe na ugumu wa kushika mchoro wake mchezaji anaporuka, bila kuwa mzigo.

Tatizo la pili ni mshono. Mshono wa milimita 5 kwenye negbe halisi ungekuwa wa milimita 1 kwenye ndogo, na utando huo utachanika. Kwa hiyo ni heri kupunguza idadi ya vipande na kuacha kila kipande kishonwe sawasawa, kuliko kuvibandika vyote kwa gundi. Gundi huleta sura na kuua kazi, na lengo letu ni kazi ionekane.

Tatizo la tatu ni mwili. Vazi hili halikuufunika mwili, na michoro ya gardenia ilikuwa sehemu yake. Wamisionari na serikali ya kikoloni walihimiza nguo za pamba, na fundi wa leo huenda akaona haya kumwacha mwanasesere hivyo. Ushauri wetu ni kwamba michoro idariziwe kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cha mwili. Darizi huheshimu pande zote mbili: humwonyesha mtazamaji kuwa mwanamke huyu hakuwa uchi bali alikuwa amepambwa, na huurudisha mchoro mkononi mwa mshonaji.

Tatizo la nne ni kichwa. Kichwa cha pamba hurefuka kikifungwa uzi kwa kuzungushwa, mzunguko juu ya mzunguko. Fundi ataona kuwa anarudia kwa dakika chache kazi ambayo mama aliifanya kwa miezi. Desturi hiyo ilififia kufikia miaka ya 1950, na hakuna sababu ya kuililia. Lakini kuielewa kama kazi ya mikono ni afadhali kuliko kuitazama kama kioja.

Tatizo la mwisho ni la kuonyesha. Mwanasesere huyu asiegemezwe ukuta. Awekwe katikati ya meza, au awe na kioo nyuma yake, ili wanafunzi waione negbe kwanza na uso baadaye.

7.0 Hitimisho

Tumeona kuwa vazi la ngoma la Wamangbetu lilikuwa na sehemu tatu zilizotegemeana: kichwa, mwili uliochorwa, na mshono wa nyuma, zote zikiunganishwa na mwendo. Kati ya 1910 na 1926 umbo dogo lililopendwa na wageni lilikichukua kichwa na kukiacha kilichobaki. Walioathirika hasa ni wanawake, kwa sababu kazi yao ya sindano haikuwa na mahali katika umbo hilo. Negbe zimo makumbushoni, lakini nje ya kuta hizo ni wachache wanaozitaja.

Kuboresha mwanasesere wa vazi mashuhuri, basi, kusieleweke kuwa ni kuongeza urembo. Ni kuuliza uchaguzi wa mwanzo ulifanywa na nani, na kwa faida ya nani, kisha kuchagua upya. Idara za Kiswahili na za historia, hasa zile za Bunia, Isiro na Kisangani ambako wanafunzi hupita Niania wakienda na kurudi, zina nafasi ya pekee hapa. Kazi ya kwanza ni ya msamiati: kukusanya kutoka kwa bibi waliozaliwa vijijini majina ya aina za jani, ya uzi, ya mshono na ya kila mchoro, kwa Kimangbetu, kwa Kibudu na kwa Kiswahili cha Kongo, na kuyaandika pamoja na maelezo ya matumizi yake. Kazi ya pili ni ya mikono: kushona. Mwanafunzi aliyejaribu kushona negbe ya sentimeta 7 atauliza maswali ambayo msomaji wa vitabu peke yake hawezi kuyafikiria, na bibi anayeulizwa atajua kuwa anayemuuliza amekwisha kujichoma sindano.

Mchongaji alipewa nafasi yake katika historia ya sanaa ya Kongo, na aliistahili. Mshonaji bado anangoja yake.